Pedali za miguu katika simuleta za ndege za kivita: ununue sasa, ao ungoje?

Kwa kijana anayerusha ndege za kivita kwenye kompyuta yake, swali moja linarudi kila mara: baada ya kununua jostiki, je, inafaa kutoa tena dola 150, 300 ao hata 500 kwa ajili ya pedali za miguu? Kwa familia nyingi za kwetu, pesa hiyo ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa, ao ni masomo ya mtoto kwa mwaka. Ndiyo sababu jibu la haraka halifai. Kuna watu ambao pedali zitawabadilishia kila kitu, na kuna wengine ambao wataziweka chini ya meza, wazisahau hapo.

Tuanze na jambo lenyewe. Simuleta ni programu inayoiga ndege ya kweli: injini yake, uzito wake, namna upepo unavyoisukuma. Zinazojulikana zaidi kwa upande wa vita ni DCS World ya kampuni ya Eagle Dynamics, IL-2 Sturmovik, na War Thunder ya Gaijin. DCS inapakuliwa bure, na ndani yake mnakuwa ndege mbili zisizolipiwa: TF-51D, ndugu ya Mustang ya Vita Kuu ya Pili lakini isiyokuwa na silaha, na Su-25T ya Urusi.

Jina hilo la mwisho, msomaji wa Kivu analijua. Sukhoi-25 ni ndege ambayo jeshi la FARDC linatumia, na watu wa Goma hawajasahau tarehe 24 Januari 2023, siku ambayo moja kati yao ilipigwa kombora hewani na kutua uwanjani ikiwa inawaka moto. Ile ya mchezo, Su-25T, ni toleo lingine lililotengenezwa kwa ajili ya kupiga vifaru, lakini umbo ni lile lile. Kwa hiyo kwetu mchezo huu haukai mbali na maisha kama unavyokaa kwa kijana wa Paris ao Toronto. Kuna wazazi ambao hawapendi kusikia mlio huo ukitoka tena kwenye chumba cha mtoto, na wana haki yao. Lakini kuna pia vijana ambao, kupitia skrini, wameanza kuelewa kwa nini ndege inaruka na kwa nini inaanguka. Kwao, swali la pedali ni swali la kujifunza sawasawa ao kujifunza nusu.

Miguu inafanya kazi gani?

Watu wengi wanafikiri kwamba rubani anakata kona kwa miguu, kama dereva anavyozungusha usukani. Sivyo. Ndege inakata kona kwa kulala upande, na kazi hiyo inafanywa na mkono unaoshika jostiki. Pedali mbili za miguuni zinaendesha usukani wa mkia, ule ubao uliosimama wima nyuma ya ndege. Ukisukuma mguu wa kuume, pua ya ndege inaelekea kuume. Ukisukuma wa kushoto, inaelekea kushoto.

Sasa, kwa nini pua isogezwe hivyo? Sababu ya kwanza ni kwamba ndege inapolala upande, haiendi mara moja kule unakotaka. Ukiilaza kushoto, bawa la kuume linapanda, na kwa kupanda linakokota hewa zaidi, basi linavuta pua kuume, kinyume na kona yako. Mguu wa kushoto unasukumwa kidogo ili kurudisha pua mahali pake. Ndani ya ndege kuna kipira kidogo kinachotembea katika bomba la kioo lililopinda. Kipira kikiwa katikati, ndege inakwenda sawa. Kikienda kushoto, kanyaga mguu wa kushoto. Kikienda kuume, kanyaga wa kuume. Marubani wa dunia nzima wanafundishwa hivyo: kanyaga kipira.

Sababu ya pili ni injini ya panga. Ndege za Vita Kuu ya Pili, kama Mustang, Messerschmitt Bf 109 ao Spitfire, zilikuwa na injini moja yenye nguvu nyingi mbele ya mwili mwepesi. Ukiongeza nguvu ili kuruka, upepo wa panga unazunguka mwili wa ndege na kupiga mkia, na pua inakimbilia upande mmoja. Kwenye Mustang na Bf 109 inakimbilia kushoto, na rubani anaishikilia kwa mguu wa kuume. Spitfire za kwanza, zenye injini ya Merlin, zilikimbilia kushoto vile vile. Baadaye Waingereza walipoweka injini ya Griffon, ambayo panga lake linazunguka kinyume, ndege ile ile ilianza kukimbilia kuume. Rubani aliyezoea ya zamani alipaswa kufundisha miguu yake upya.

Bf 109 ilikuwa na shida ya ziada: magurudumu yake yalikuwa karibu karibu na yameinama. Nyingi ziliharibika wakati wa kuruka na kutua, bila adui yeyote kuzigusa. Katika simuleta nzuri ni vile vile. Mchezaji mgeni anaweza kupoteza jioni nzima akizunguka kama pia kwenye njia ya kurukia, kabla hajaona hata ndege moja ya adui.

Sababu ya tatu ni bunduki. Ndege ikiwa inateleza upande kidogo, risasi hazifuati alama iliyo mbele ya macho yako. Zinapita kando. Mchezaji anasema kwamba alilenga vizuri, na kweli alilenga, lakini kipira chake hakikuwa katikati. Mwenye miguu mizuri anatumia risasi chache na kupata matokeo zaidi.

Kidole, kiganja ao mguu

Asiye na pedali ana njia mbili. Ya kwanza ni kubonyeza vibonye viwili vya kibodi. Hiyo ni kama kuendesha pikipiki ambayo gesi yake ina hali mbili tu: zima na yote. Mguu unapaswa kutoa kidogo, kuongeza kidogo, kurudisha kidogo. Kibonye hakijui kidogo.

Njia ya pili ni jostiki inayosokotwa. Jostiki nyingi za bei nafuu, kama Logitech Extreme 3D Pro ao Thrustmaster T.16000M, zinaweza kuzungushwa kiganjani, na mzunguko huo ndio unaokuwa miguu yako. Hii inafanya kazi kweli, na wachezaji wengi hawahitaji zaidi. Udhaifu wake ni kwamba mkono mmoja unafanya kazi tatu kwa wakati mmoja: kuinua pua, kulaza mabawa na kusokota. Ukisokota kwa nguvu, unalaza mabawa kidogo bila kutaka. Ukivuta katika kona kali, unasokota bila kujua. Na sehemu ile ya kusokota ndiyo mara nyingi inayochoka kwanza ndani ya jostiki, kisha pua ya ndege inaanza kutetemeka yenyewe.

Pedali zinagawa kazi hiyo. Mkono unabaki na mambo mawili, miguu inachukua la tatu. Mwanzoni utakuwa mbaya kuliko ulivyokuwa. Ni kawaida. Miguu ya mtu aliyeketi imezoea kupumzika, na inahitaji majuma kadhaa kabla ya kufanya kazi bila kuulizwa. Anayenunua pedali akitumaini kushinda siku hiyo hiyo atasikitika.

Helikopta, ndege za panga na jeti

Hapa ndipo jibu linagawanyika, na ndipo kila mtu anapaswa kujiuliza kwa uaminifu anarusha nini zaidi.

Kwa helikopta, pedali karibu ni za lazima. Panga kubwa la juu linapozunguka upande mmoja, mwili wa helikopta unataka kuzunguka upande mwingine. Panga dogo la mkiani ndilo linalouzuia, na panga hilo linaongozwa na miguu. Kila mara unapoongeza nguvu ili kupanda, miguu inapaswa kufuata. Kwenye Mi-8 na Mi-24 za Kirusi, ambazo watu wa mashariki mwa Kongo wameziona sana juu ya vichwa vyao, nguvu ikiongezwa rubani anasukuma mguu wa kuume. Kwenye UH-1 ya Marekani, panga linazunguka kinyume, basi ni mguu wa kushoto. Kusimamisha helikopta hewani kwa jostiki ya kusokota kunawezekana, lakini kiganja kinabaki kimekazwa dakika kumi nzima. Ka-50 ya Kirusi ni tofauti: ina mapanga mawili ya juu yanayozunguka kinyume, hivyo haina panga la mkiani na inamsamehe zaidi asiye na pedali.

Kwa ndege za panga za Vita Kuu ya Pili, pedali zinastahili pesa yake. Kuruka, kutua, kulenga na kupigana karibu karibu, vyote vinapitia miguuni.

Kwa jeti za kisasa, mambo yanabadilika. F-16 na F/A-18 zina kompyuta ndani yake ambayo inasogeza usukani wa mkia yenyewe wakati wa kona. Rubani anatumia miguu hasa ardhini, ili kuongoza gurudumu la mbele na kufunga breki, na wakati wa kutua kukiwa na upepo wa pembeni. Kwa mchezaji wa F-16 anayerusha makombora kutoka mbali, jostiki ya kusokota inatosha kabisa.

Kuna jeti za zamani zilizo katikati: MiG-21, F-4 Phantom, F-14. Hizo, zikienda polepole huku pua ikiwa juu sana, hazipendi kulazwa kwa mkono. Ukisukuma jostiki upande, ndege inaweza kugeuka kinyume na kuanza kuanguka huku ikizunguka. Marubani wake walijifunza kuzilaza kwa miguu. Anayependa ndege hizo atafurahia pedali.

Na kwa anayecheza War Thunder kwa panya, katika hali ya kawaida ambapo programu yenyewe inashikilia ndege, jibu ni fupi: usinunue. Programu inafanya kazi ya miguu kwa niaba yako. Ni katika vita vya hali ya simuleta tu ndipo miguu inaanza kuhesabika.

Bei na kile unachopata

Sokoni kuna madaraja matatu. Chini kabisa kuna Thrustmaster TFRP, ambayo kwa kawaida inauzwa kati ya dola 100 na 150 huko Ulaya na Marekani. Ni nyepesi, ya plastiki, na pedali zake ziko karibu sana, magoti yanakutana kama mtu aliyebanwa katika taksi. Inafanya kazi, lakini mtu mrefu atalalamika. Logitech, zile zilizoitwa zamani Saitek, ni pana na nzito zaidi, na bei yake iko juu kidogo.

Daraja la kati na la juu lina VKB, Virpil, MFG Crosswind ya Kroatia na TPR ya Thrustmaster. Hapo unaanza kuzungumza dola 200, 300, hata 500 na zaidi. Tofauti kubwa iko ndani. Pedali za bei nafuu mara nyingi zinapima mwendo kwa potensiometa, kifaa kidogo ambamo chuma kinasuguana na sehemu nyingine. Vumbi likiingia, kipimo kinaanza kurukaruka. Zile za bei ya juu zinatumia sensa za sumaku, ambazo hazigusani na kitu, hivyo hazichoki kwa msuguano. Kwa mtu anayeishi penye vumbi la mawe ya volkano la Goma ao vumbi jekundu la Lubumbashi, jambo hilo si dogo.

Angalia pia breki za vidole. Kwenye ndege kama Mustang na Bf 109, rubani anafunga breki ya kila gurudumu kwa kukandamiza ncha ya juu ya pedali. Spitfire haifanyi hivyo: breki iko kwenye mkono wa jostiki, na miguu inaamua tu gurudumu gani lipate nguvu zaidi. Ndiyo sababu pedali za VKB T-Rudder, ambazo hazina breki za vidole, zinamfaa sana mpenzi wa Spitfire na wa helikopta, lakini zitamkera mpenzi wa Mustang.

Usisahau kwamba bei ya mtandaoni si bei ya mlangoni. Pedali nzuri ni chuma. Zina kilo kadhaa, na mzigo mzito unalipiwa usafiri mzito, kisha forodha. Kabla ya kuagiza, uliza bei yote hadi mikononi mwako. Ukinunua zilizotumika, ziunganishe kwanza na kompyuta mbele ya muuzaji, fungua dirisha la Windows la kupima jostiki, na usukume mguu polepole kutoka mwisho hadi mwisho. Mstari ukirukaruka, toka hapo na pesa yako.

Vitu vya kununua kabla ya pedali

Kuna mpangilio ambao unaepusha hasara. Wa kwanza ni umeme. Kwa mtu wa delestaji, ondulere nzuri inalinda kompyuta yote, na pedali hazilindi kitu. Wa pili ni jostiki ya kusokota, kama bado hauna. Wa tatu ni namna ya kugeuza macho. Katika vita vya karibu, anayemuona adui kwanza ndiye anayeishi. Programu ya opentrack ni ya bure, na kwa kamera ya kawaida inaweza kufuata kichwa chako na kugeuza picha. Kwa mchezaji wa jeti, hiyo itamsaidia kuliko pedali za dola 300.

Baada ya hayo, pedali zinapata nafasi yake. Kwa mpenzi wa helikopta, zinaweza kupanda hadi namba mbili.

Kwa wenye mikono mizuri, kuna njia nyingine: kujitengenezea. Ubao ulio na mhimili katikati, springi mbili, potensiometa moja na kadi ndogo ya elektroniki ya aina ya Arduino Leonardo ao Pro Micro, ambayo kompyuta inaitambua kama jostiki. Seremala na sudere wa mtaani wanaweza kufanya sehemu ya mbao na chuma. Haitakuwa na uzuri wa kiwandani, lakini mguu hauoni uzuri, unasikia tu uzito na mwendo. Na mwenye pedali za gari za michezo anaweza pia kuunganisha mbili kati yake ziwe mhimili mmoja, kwa kutumia programu.

Siku zikifika nyumbani

Mambo mawili yanawasumbua wengi. La kwanza: ukichomeka pedali, DCS inazigawia kazi yenyewe, na mara nyingi inazipa kazi ya jostiki. Ndege inapinduka kila unapogusa breki, na mtu anafikiri kifaa kimeharibika. Ingia katika mipangilio, futa kila kitu kwenye safu ya pedali, kisha weka usukani wa mkia na breki mbili tu. Kama ndege haitaki kusogea ardhini, geuza mwelekeo wa breki, kwa sababu huenda zimefungwa wakati unafikiri ziko wazi. Ondoa pia msaada wa kuruka ambao DCS inatoa kwa ndege za panga, la sivyo programu na mguu wako zitabishana.

La pili ni kiti. Chenye magurudumu kinarudi nyuma kila unaposukuma. Kamba kati ya kiti na pedali, ao ubao mmoja unaobeba vyote viwili, unamaliza shida hiyo bila gharama.

Je, hii inasaidia mtu anayeota kuwa rubani?

Simuleta haikuzaliwa kama mchezo wa watoto. Mmarekani Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda huko Binghamton, alitengeneza mwaka 1929 sanduku lenye mabawa madogo, lililosukumwa na mifuko ya hewa kama ya kinanda. Mwanzoni liliuzwa kwenye viwanja vya burudani. Mwaka 1934, baada ya marubani wa jeshi kufa wakibeba barua katika hali mbaya ya hewa, jeshi la Marekani lilinunua masanduku sita. Ndani yake mlikuwa na fimbo ya mkono, na mlikuwa na pedali. Link hakufikiri hata siku moja kwamba rubani anaweza kufundishwa bila miguu.

Kwa hiyo ndiyo, pedali za nyumbani zinaweza kujenga mazoea mema: kuangalia kipira, kuongoza ndege ardhini kwa miguu na si kwa mkono, kutogandisha mguu wakati wa kutua. Lakini zina mpaka. Hazina uzito wa hewa, na kiti chako hakikuambii kwamba unateleza. Mtu anaweza kujifunza kupiga mateke makubwa ambayo mchezo unayasamehe. Katika ndege ya kweli hayasamehewi. Tarehe 12 Novemba 2001, Airbus A300 ya American Airlines, safari namba 587, ilipita katika msukosuko wa hewa wa ndege nyingine ikitoka New York. Rubani msaidizi alisukuma pedali kwa nguvu upande huu na upande ule, mara kadhaa. Mkia ulikatika. Watu 265 walikufa, 5 kati yao wakiwa ardhini. Wachunguzi wa Marekani walisema kwamba mateke hayo hayakuwa ya lazima, na walitaja pia mafunzo aliyopewa na wepesi wa pedali zenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa, fanya jaribio moja lisilogharimu kitu. Kwa mwezi mmoja, rusha ndege yako kwa jostiki ya kusokota huku macho yakirudi kila mara kwenye kipira. Kama mwisho wa mwezi bado haukioni, ao hakikusumbui, pedali hazitakuletea kitu, na pesa yako ina kazi nyingine. Kama kila kuruka na kila kulenga unasikia kwamba mkono umefika mwisho wa uwezo wake, basi umejijibu. Anza na zile unazoweza kulipa bila kumnyima mtu chakula. Miguu ikijifunza kwenye pedali za bei nafuu, itajua pia kutumia zile za bei kubwa.